Anaumwa Tangu Lini?

Nilipofika zizini kwa yule mzee, ng'ombe watatu walikuwa wakichechemea, udenda unawaning'inia mdomoni kama nyuzi. Nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Nikawapima joto, likawa la kawaida. Nikamfunua mmoja mdomo, nikaona vidonda kwenye ufizi na ulimi, vingine vimeshaanza kupona pembeni. Nikatoa damu kwenye mshipa wa shingo, nikaiweka kwenye boksi la barafu na kuipeleka maabara. Baada ya siku chache jibu likaja: kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo hakikuonekana. Nikampigia mzee simu. "Mzee wangu, hakuna shida, waachie watoke." Akawaachia. Hazikupita wiki mbili, mazizi manne ya majirani yakawa na wanyama wenye malengelenge.

Maabara haikukosea. Waliletewa damu, wakapima damu, wakasema walichokiona. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikumwuliza mzee swali moja jepesi: hawa wanaumwa tangu lini? Nilipokuja kumwuliza, watu wakiwa tayari wanahesabu hasara, alinijibu papo hapo: "Wa kwanza aliacha kucheua siku sita kabla hujaja, daktari."

Siku sita. Kirusi kile huzunguka kwenye damu siku za mwanzo tu, wakati mnyama ana homa. Kisha mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini zake za kupigana na kirusi, nazo hukifagia kutoka kwenye damu. Ndiyo maana joto lilikuwa limeshashuka. Lakini kwenye ngozi ya malengelenge yaliyopasuka, kwenye mate na kooni, kirusi kilikuwa bado kimejaa tele. Nilichukua sampuli mahali pekee ambapo adui alikuwa ameshahama, kisha nikatangaza kwamba hayupo.

Tangu hapo nimekuwa nikiamini, na ninaendelea kuamini kila mwaka unaopita, kwamba kutambua maambukizi ya virusi kwa mifugo ni kazi ya kuhesabu siku kabla ya kuwa kazi ya mashine. Mashine tunazo nzuri, na zinazidi kuwa nzuri. Lakini hakuna mashine inayoweza kuona kilichoondoka jana.

Ugonjwa wa miguu na midomo wenyewe una kalenda iliyoandikwa kwenye ulimi wa mnyama, kwa anayejua kuisoma. Lengelenge lililojaa maji au lililopasuka sasa hivi ni la siku moja au mbili. Likiwa limepasuka na kuacha kidonda chekundu chenye kingo kali, hiyo ni kama siku ya tatu. Kingo zikianza kufifia na kidonda kufunikwa na utando, wiki inakaribia. Siku ya kumi na kuendelea unakuta kovu. Sasa chukua kidonda kikongwe kuliko vyote katika kundi zima, hesabu umri wake, kisha rudi nyuma siku 2 hadi 14, ambazo ndizo kirusi huweza kukaa mwilini kabla ya dalili kutokea. Utapata siku ambazo ugonjwa uliingia. Hapo ndipo unamwuliza mfugaji: siku hizo nani alikuja hapa, mnyama gani alinunuliwa, kundi lilinywa maji wapi? Kipimo hicho hakihitaji umeme wala kemikali. Mimi nilikiangalia kwa macho yangu siku ile, vidonda "vimeanza kupona pembeni", na sikukisoma.

Sampuli iliyofaa ilikuwa kipande cha ngozi ya lengelenge, angalau gramu moja, kilichokatwa kwa taratibu na kuwekwa kwenye kimiminika kisicho na asidi, kwa sababu kirusi hiki asidi hukivunja haraka. Kama vidonda vimeshapona, kuna kifaa chenye kikombe kidogo mwishoni ambacho huingizwa mpaka kooni na kukwangua ute, kwa kuwa ng'ombe aliyepona anaweza kubaki na kirusi kooni kwa miezi mingi, wengine hata zaidi ya miaka miwili. Inanigusa kila ninapokumbuka kwamba mwaka 1898 Friedrich Loeffler na Paul Frosch, huko Ujerumani, walipochukua maji ya malengelenge hayo hayo na kuyapitisha kwenye kichujio kinachozuia bakteria, wakakuta kilichopita bado kinaambukiza ndama. Kilikuwa kirusi cha kwanza cha wanyama kutambuliwa. Nao hawakuanza na damu. Walianza kwenye lengelenge.

Kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya, na mimi niliyachanganya pia. La kwanza: kirusi kipo hapa sasa? La pili: mwili wa mnyama huyu umewahi kukutana nacho? Kipimo cha PCR hujibu la kwanza, kwa kutafuta kipande cha vinasaba vya kirusi na kukizidisha mara mbili, na tena mara mbili, mpaka kionekane. Vipimo vya ELISA, vile vinavyotafuta kingamwili, hujibu la pili. Mnyama wa siku ya pili atakuwa na kirusi bila kingamwili. Mnyama wa wiki ya tatu atakuwa na kingamwili, na mara nyingi damu yake haina kirusi. Ukimpima wa siku ya pili kwa kipimo cha wiki ya tatu, utaandika "hana" kwa mkono wako mwenyewe huku akikupulizia virusi usoni. Ndiyo maana wazee wa kazi hii walizoea kuchukua seramu, yale maji ya damu yenye kingamwili, mara mbili kwa mnyama yule yule, ya kwanza akiwa mgonjwa na ya pili baada ya wiki mbili au tatu. Kingamwili zikipanda mara nne au zaidi kati ya hizo mbili, una ushahidi kwamba maambukizi ni ya sasa. Siku hizi watu hawana subira ya sampuli ya pili. Nasikitika, kwa sababu mara nyingi ndiyo inayosema kweli.

Chanjo nayo huongeza fumbo. Mnyama aliyechanjwa ana kingamwili, aliyeugua naye anazo, utawatofautisha vipi? Kwa ugonjwa wa miguu na midomo kuna njia nzuri sana. Kirusi kinapozaliana ndani ya mwili hutengeneza protini za kazi ambazo haziwi sehemu ya gamba lake. Chanjo iliyosafishwa vizuri huwa imeondolewa protini hizo. Kwa hiyo ukikuta kingamwili dhidi yake, unajua kirusi hai kimepita hapo, chanjo au pasipo chanjo.

Kuhusu PCR nitasema moja tu linaloniuma. Watu husoma neno "chanya" wakaishia hapo. Karibu nalo kuna namba inayoonyesha mashine ilizunguka mara ngapi, kila mzunguko ukizidisha mara mbili, kabla ya kukiona kirusi. Kila tofauti ya mizunguko kama 3.3 ni sawa na mara kumi. Mnyama wa mzunguko wa 17 na mnyama wa mzunguko wa 37 wote ni "chanya", lakini wa kwanza ana virusi kama mara milioni moja kuliko wa pili. Wa kwanza yumo katikati ya ugonjwa. Wa pili labda anaanza, labda anamaliza, labda sampuli yake ilirushiwa tone la mwenzake mezani. Na hapo tena hakuna anayeweza kuamua bila kujua dalili zilianza lini.

Siku ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mahali. Mwanzoni mwa 2024, huko Marekani, ng'ombe wa maziwa walianza kupunguza maziwa ghafla, na yaliyotoka yalikuwa mazito na ya manjano kama dang'a. Wakapimwa magonjwa yaliyozoeleka, hakuna lililopatikana. Kilichowazindua watu ni kwamba paka wa mashambani, waliokuwa wakinywa maziwa mabichi, walianza kufa. Tarehe 25 Machi ikatangazwa kwamba ni mafua ya ndege ya H5N1. Nani angewaza mafua ya ndege kwenye kiwele? Ugonjwa wenye jina la mafua unatafutwa puani, na pua za ng'ombe hao zilikuwa na kirusi kidogo au hazina kabisa. Maziwa ndiyo yaliyojaa. Kama waliokuwa zizini wangedharau vifo vya paka, sampuli za pua zingeendelea kusema hakuna kitu. Kabla mwaka haujaisha Marekani ikaanza mpango wa kitaifa wa kupima maziwa mabichi, yakiwemo ya matangi makubwa, ambamo tone moja hubeba habari za ng'ombe wengi.

Njia hiyo ya kusikiliza kundi zima kwa mara moja naipenda mno. Kwenye mabanda ya nguruwe, unaning'iniza kamba ya pamba kwa dakika 20 au 30, nao kwa udadisi wao huitafuna wote. Unaikamua, unapata mate ya banda zima bila kumkamata hata mmoja wala kumtia hofu.

Ukiamua kupima mmoja mmoja, lazima ujue wangapi. Hapa nimeona watu wakidanganywa na namba ndogo. Mtu ana kundi kubwa, anapima watano, wote wazima, anapumua. Lakini kama ugonjwa uko kwa mnyama mmoja katika kila kumi, inabidi upime kama 29 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 kwamba ungemkuta hata mmoja. Kama uko kwa mmoja katika ishirini, 59. Kama ni mmoja katika mia, 299. Na hapo tunasema kipimo hakikosei kamwe, jambo ambalo halipo. Upande wa pili nao una mtego wake. Chukua wanyama 10,000 ambao 10 tu ndio wagonjwa, uwapime kwa kipimo kinachopatia mara 99 katika mia. Utawapata wale kumi, na pamoja nao utawatuhumu wazima kama mia moja. Anayekimbilia kuchinja kila "chanya" katika hali hiyo atachinja wazima kama kumi kwa kila mgonjwa mmoja. Dawa yake ni kipimo cha pili cha aina nyingine kabla kisu hakijatoka.

Hakuna kipimo kinachosaidia kama dalili hazikuonekana na mtu. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo ulienea Uingereza huku umebebwa na kondoo, ambao mara nyingi huonyesha dalili ndogo sana: kuchechemea kidogo, kidonda ambacho hata daktari anaweza kukipita. Ulipogunduliwa ulikuwa umeshasambaa sehemu nyingi, na wanyama zaidi ya milioni 6 walichinjwa kabla haujazimwa. Siwalaumu. Kondoo mmoja anayechechemea katika kundi la mia nne, nani humsimamisha?

Lakini wapo wanaomsimamisha. Sotoka, ugonjwa ulioua ng'ombe kwa karne nyingi, ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na ni ugonjwa wa pili tu kufikia hapo baada ya ndui ya binadamu. Chanjo ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Ila mwishoni ilibaki kazi ngumu, kukitafuta kirusi kilichojificha. Katika Afrika Mashariki kulikuwa na aina iliyopoa, ambayo ng'ombe waliihimili kwa homa kidogo na machozi. Katika miaka ya 1990 nyati na tandala wa Tsavo waliugua vibaya na kufa huku ng'ombe wa jirani wakionekana karibu wazima. Watafiti wakaketi na wafugaji, wakawasikiliza: ugonjwa huu mnauitaje, unaanzaje, mara ya mwisho mliuona msimu gani, mnyama hulia machozi ya namna gani? Maelezo hayo ndiyo yaliyoonyesha pa kwenda kuchukua sampuli. Kulikuwa hata na kipimo kidogo cha papo kwa papo kilichotumia machozi, jicho linapanguswa na jibu linasomwa pale pale zizini.

Mchungaji anayewatoa wanyama kila asubuhi anamjua anayetoka wa kwanza na anayechelewa. Anajua nani hacheui, nani amejitenga kivulini, maziwa ya nani yamepungua kikombe kimoja. Mimi nafika na themometa mara moja, naona mnyama wa siku hiyo tu. Yeye anaona mnyama wa jana, wa leo na wa mwaka jana. Ninapofika sasa, nakaa kwanza. Sifungui begi.

Jambo moja lazima niliseme kwa sauti, hata kama linakata mtiririko. Wanyama wakianza kutupa mimba wengi kwa pamoja baada ya mvua kubwa, na wana-kondoo wachanga wakifa kwa makumi, usiguse kitoto kilichotupwa kwa mikono mitupu, usipasue mzoga, usichinje mgonjwa ili kuokoa nyama. Inaweza kuwa homa ya Bonde la Ufa, ambayo ilielezwa kwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha mwaka 1931, na hata watafiti walioichunguza waliugua. Mbu huisambaza kati ya wanyama, lakini binadamu wengi huipata kwa damu na majimaji ya mimba. Funga eneo, piga simu, subiri mtu mwenye glovu, barakoa na miwani. Hakuna sampuli yenye thamani ya maisha ya mtu.

Nimalizie na ndama mmoja, kwa sababu ndiye aliyelivuruga swali langu.

Alikuwa na umri wa miezi miwili, mweusi mwenye doa jeupe kwenye paji, mchangamfu. Mama mwenye zizi aliniita kwa sababu ya wenzake. Kila ndama aliyezaliwa alikuwa akiharisha na kukohoa, ng'ombe wawili walikuwa wametupa mimba, na wengine walikuwa wakipandishwa mara tatu au nne bila kushika. "Huyu mmoja tu ndiye anayenipa moyo, daktari," alisema akimpapasa shingo. Nikakata kipande kidogo cha sikio kwa kila ndama, wote, hata yule. Wengine wakarudi hasi. Yeye akarudi chanya kwa kirusi cha BVD, ugonjwa wa kuhara wa ng'ombe unaoletwa na virusi.

Niliuliza kama kawaida yangu: anaumwa tangu lini? Mama akanishangaa. Haumwi. Hajawahi kuumwa.

Alikuwa anasema kweli. Kirusi cha BVD kikimpata ng'ombe mwenye mimba, takriban kati ya siku ya 40 na ya 120, kinaingia kwa kijusi ambacho kinga yake haijajifunza bado kutofautisha chake na cha mgeni. Kijusi kinakipokea kirusi kama sehemu ya mwili wake. Akizaliwa, anazaliwa nacho, na atakitoa kwa mate, kamasi, mkojo, kinyesi na maziwa siku zote za uhai wake. Ukimpima kingamwili dhidi ya kirusi hicho humkuti nazo, au unakuta zile za maziwa ya kwanza ya mama yake, ambazo zinaweza pia kuficha kirusi kwenye damu ya ndama mchanga. Ndiyo maana sikio linaaminika zaidi, na ndiyo maana Uswisi ilipoanza kupambana na ugonjwa huu mwaka 2008 ilipima vipande vya masikio vya ng'ombe wa nchi nzima. Kwa ndama wa namna hii hakuna siku ya kwanza ya homa, hakuna dirisha linalofunguka na kufungwa. Anaumwa tangu kabla ya kuzaliwa, na yeye mwenyewe mwili wake haujui.

Sikumwambia mama amwondoe siku ile. Ng'ombe aliyeambukizwa juzi anaweza kuonyesha kirusi kwa siku chache kisha akapona, kwa hiyo kanuni ni kumtenga na kurudia baada ya wiki tatu au nne. Tulimtenga. Mama alimpelekea maziwa mwenyewe asubuhi na jioni, akibadilisha viatu kila anapotoka kwake kama nilivyomwelekeza. Wiki ya nne nikakata kipande kingine cha sikio. Chanya, na nguvu ile ile.

Tukampima aliyemzaa. Hakuwa na kirusi, alikuwa na kingamwili nyingi. Maana yake yeye aliugua akapona wakati wa mimba, na kuna mnyama aliyemwambukiza. Tukakaa na daftari la mama, ambalo aliandika kila kinachoingia na kutoka zizini kwa mwandiko wa kubana. Ndama alikuwa na miezi mitatu. Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa. Tukahesabu kurudi nyuma kwa vidole mpaka siku ile ya 40, mpaka ile ya 120: kati ya miezi 8 na 11 iliyopita.

Kulikuwa na mstari mmoja tu katika muda huo. Mtamba mmoja, amenunuliwa, amefika mzima, amefungwa karibu na yule ng'ombe aliyemzaa ndama kwa kuwa nafasi haikuwepo kwingine.

"Mtamba huyu alikwenda wapi?" niliuliza.

Mama alinyanyua kichwa taratibu akatazama kona ya mwisho ya zizi. Alikuwa pale pale, mnene, manyoya yanang'aa, anacheua. Ana mimba ya miezi saba.

Nikachukua koleo la kukatia sikio.